Kichwa cha Mteja Wangu

Kinyozi hajinyoi, watu husema, na wakisema hucheka. Mimi huwa sicheki. Nina miaka ishirini na tisa, ni msusi, wateja wanatoka mbali kuja kukaa chini ya mikono yangu, na juu ya sikio langu la kushoto, kuanzia kwenye panja mpaka karibu na utosi, hakuna hata unywele mmoja. Ni pengo la upana wa kiganja cha mtoto. Kwa miaka sita hakuna aliyeliona isipokuwa mama yangu, na yeye aliliona mara moja tu. Akageuza uso, kesho yake akaniletea vitambaa kumi na viwili vya kufunga kichwani. Hatukulizungumza tena.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye akaenda kumpenda mwanamume ambaye asubuhi na jioni anawaza vichwa vya watu. Nani wa kulaumiwa kama si mimi mwenyewe?

Jumatatu saluni yetu haifunguliwi. Jumatatu hiyo niliwahi kufika, nikafagia, nikafuta vioo, nikarudia kukifuta kioo kilekile. Jua lilikuwa linapenya kwenye pazia la njano na kutanda juu ya viti, na chupa za mafuta kwenye rafu zilikuwa zinang'aa kila moja na rangi yake. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajizungusha taratibu na mguu mmoja, nikawa namuwaza. Vidole vyake. Namna anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Wiki nzima nilikuwa hivyo, namuuliza mteja jambo halafu jibu linanipita, mpaka mmoja akaniambia, "Dada, wewe mwili uko hapa, mwenyewe uko wapi?"

Mwenyewe nilikuwa na Fundi.

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameniambia, pale pale penye sinki la kuoshea nywele, "Mwalimu, nataka niwatume wazee kwenu." Nikamwambia anipe muda nifikirie. Uongo mtupu. Sikuwa na cha kufikiria, nilimtaka tangu zamani. Lakini mkiishi nyumba moja, kitambaa kitaanguka siku moja, na mimi nilikuwa naujua uso wa mtu anayeliona lile pengo. Kama mama mzazi aligeuka pembeni, mume atafanya nini?

Tulijuana miezi minne kabla ya hapo, alipomleta dada yake kusukwa. Kazi yake ni kuchonga kalibu, zile wanazomiminia plastiki vikatoka vizibo vya chupa na vifuniko vya ndoo. Alikaa kwenye benchi saa nzima bila kusema kitu. Nilipoanza kumpaka dada yake mafuta, akasogea karibu.

"Samahani. Hayo mafuta yanakwenda kwenye ngozi au kwenye nywele?"

"Kwenye ngozi."

"Mbona mengi nayaona shingoni?"

"Kwani wewe umeleta mtu kusukwa au umekuja kukagua?"

Dada yake akacheka. "Msamehe. Huyu hata akienda kuposa, atapima mlango kwanza."

Wiki iliyofuata alirudi na kitu mkononi. Kilikuwa kichupa cha kuenea kiganjani, na chini yake kina meno manane kama ya kitana, kila jino lina tundu dogo kwenye ncha. Unayapitisha meno katikati ya mistari mpaka yaguse ngozi, unabonyeza ubavuni, mafuta yanashuka tone kwa tone pale pale panapoyataka. Wazo lilikuwa zuri sana. Chombo chenyewe kilikuwa balaa. Tulikijaribu kwenye kile kichwa cha plastiki tunachokiweka dirishani, ambacho wateja wamekipa jina la Bi Kimya kwa sababu hajawahi kulalamika kwamba amekazwa. Fundi akabonyeza, halikutoka tone. Akabonyeza kwa nguvu, kizibo kikaruka, mafuta yakamwagika shati zima.

"Wewe si ndiye fundi wa vizibo?" nikamuuliza.

"Nilijaribu kwa maji."

"Maji na mafuta ni ndugu?"

"Kuanzia leo utanifundisha," akasema, anajifuta kidevu. Ndipo akaanza kuniita Mwalimu.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba Bi Kimya hasemi. Hawashwi, haumii, ngozi yake haina joto. Fundi akaniomba nimtafutie mtu anayesema. Nikamwambia yupo mteja wangu mmoja, ngozi yake laini sana, ila haya zimemjaa, nitakuwa nampelekea mimi. Basi kila alipotengeneza kipya nilikibeba nyumbani, nikajifungia chumbani, nikafungua kitambaa mbele ya kioo, nikajipaka. Kesho yake nampelekea majibu. Mteja anasema hapa panachoma. Mteja anasema jino la mwisho punguza. Yeye anaandika kila neno kwenye daftari lake la kurasa za mirabamiraba, kwa kalamu ya risasi, kwa herufi ndogondogo zilizonyooka.

Jumatatu hiyo, nikiwa bado kwenye kiti, mlango ukagongwa. Nikafungua.

Aliingia bila tabasamu lake. Alikuwa amevaa shati jeupe, lililopigwa pasi, na mkononi ana mfuko wa karatasi.

"Hujambo, Mwalimu."

"Sijambo, Fundi. Mbona uso umekunja?"

Akatoa chombo, akakiweka mezani kati yetu. Kilikuwa cha saba. Kilikuwa na rangi ya maziwa, ubavu umejikunja vizuri, meno ya upande mmoja mafupi kuliko ya upande wa pili, ncha zote za duara. Nilitamani kukishika, lakini sauti yake ilinizuia.

"Hiki ndicho cha mwisho."

"Cha mwisho kwa nini? Bado jino la tano."

"Jino la tano nimelirekebisha. Cha mwisho kwa sababu wiki imekwisha na wewe hujasema neno. Mimi ni mtu mzima. Mtu mzima akinyamaziwa anaelewa."

"Kimya si hapana."

"Wala si ndiyo." Akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. "Sikulaumu. Najua mama yako hanipendi. Amewaambia wateja kwamba mwanamume mzima kuhangaika na mafuta ya nywele ni uvivu wa kutafuta kazi. Nimezisikia hizo. Ningeweza kuzivumilia. Lakini kuja hapa kila wiki nikakutazama tu, hilo siliwezi."

Nikatazama chini.

"Nina ombi moja tu," akasema. "Nataka kumwona yule mteja wako. Nimkabidhi hiki kwa mkono wangu."

"Amehama."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi Jumamosi ulinitumia ujumbe kwamba jino la tano bado linamkwaruza."

Akanitazama muda mrefu, macho yake yale ya upole ambayo hata akikasirika hayawezi kuchoma.

"Mwalimu, uongo huuwezi. Acha tu," akasema, akalifungua daftari. "Njoo uone. Labda ukiona utaelewa kwa nini namtaka."

Nikasogea. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa mchoro mmoja, kichwa cha mtu kutoka pembeni, upande wa kushoto. Hakikuwa na uso. Kilikuwa na sikio, shingo, ukingo wa nywele, na mishale midogo yenye tarehe.

"Nimekichora kutokana na maneno yako," akasema, kidole chake kinatembea juu ya karatasi polepole. "Hapa juu ya sikio hapana nywele. Hujawahi kuniambia. Ila kila ulipolalamika kwamba meno ni marefu, ni hapa. Kila uliposema mafuta yanateleza hayakai, ni hapa. Mafuta hayatelezi penye nywele. Mwanzoni nilidhani ana kidonda. Halafu nikaona ukingo wa pengo umenyooka, unafuata mstari wa msuko. Huyu mtu alisukwa kwa kukazwa tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyemwambia pole."

Nilikuwa najitazama. Mtu ambaye hajawahi kuniona bila kitambaa alikuwa amenichora, pengo lote na mkunjo wake, hata vile vijinywele vya ukingoni ambavyo kila asubuhi navihesabu. Nje kuna mtu alikuwa anaburuta ngazi barabarani, nikaisikia kwa mbali sana, mfano wa sauti anayoisikia mtu akiwa katikati ya usingizi.

"Ni kibaya?" nikauliza.

"Nini?"

"Kichwa chake."

Fundi ukimuuliza swali, analipima kwanza.

"Ni kigumu," akasema. "Kimenitesa miezi minne. Nikiwa kwenye mashine nakiwaza, nikitembea njiani nakiuliza, hapa je, panauma? Nikilala nakiota. Namjua huyu kuliko ninavyokujua wewe, maana yeye ananiambia panapouma, wewe huniambii. Kama nisingekuwa nimekupenda wewe, Mwalimu, ningekwenda kumtafuta yeye."

Mikono yangu ilipanda yenyewe. Sikuituma. Fundo la kitambaa liko kisogoni, nalifunga mara mbili kila asubuhi, na vidole vyangu vinavyofumua rasta mia kwa saa moja vilishindwa kulifungua fundo moja. Alipoona ninalotaka kulifanya akasimama, lakini hakunisaidia. Akangoja. Fundo likalegea, kitambaa kikaanguka begani, na upepo wa feni ukanigusa mahali ambapo kwa miaka sita hapajaguswa na kitu mbele ya mtu.

Nikafumba macho. Sikutaka kuuona uso wake.

"Inauma sasa hivi?" akauliza.

"Haiumi."

"Chombo cha tatu kilikuuma."

"Kilinitoa machozi."

"Na ukaniandikia 'punguza kidogo'."

"Ningeandika nini?"

"Ungeandika ukweli, ningekivunja." Nikafumbua macho. Alikuwa analia, mwanaume yule, wala hajifichi, na uso wake ulikuwa umenielekea mimi. Haukugeuka. "Pole," akasema. "Pole sana, Mwalimu. Miezi minne nakuumiza, na wewe unanisahihishia daftari."

Tukacheka wote wawili, kicheko kimechanganyika na kamasi. Halafu akaenda kunawa mikono, akaikausha vizuri, akarudi na kile cha saba. "Unaniruhusu?"

Nikakaa kwenye kiti. Akakishika chombo kwenye viganja vyake kwanza, mafuta yapate joto. Meno yalipogusa ngozi sikuyasikia kama meno. Tone likashuka, la uvuguvugu, likasimama pale pale, halafu la pili kando yake. Alikuwa anakwenda taratibu kutoka kwenye panja kupanda juu, akipumua kwa utulivu, na kila hatua anauliza, "Hapa?" Namjibu, "Hapo." Jua lilikuwa limefika miguuni kwangu. Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi, mabega yameshuka, mawazo yameniacha. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ningeweza kukaa hivyo mpaka nizeeke.

"Ndiyo," nikasema.

"Hapa?"

"Hapana. Wazee. Watume."

Mkono wake ukasimama. Hakupata nafasi ya kusema kitu, kwa sababu ufunguo ulizunguka mlangoni na mama akaingia na taulo za kazi alizokuwa amezifua.

Mama yangu hana haja ya kuelezwa kwa watu wa mtaa wetu. Wanamwita Mama Kaza. Msuko wake ulikuwa unakaa miezi miwili haujalegea, na tangazo lake lilikuwa mimi. Tangu nina miaka minne, kila Jumapili ananisuka mtindo mpya mpaka nyusi zinapanda, kisha ananikalisha kwenye kigoda mlangoni wapita njia waone. Hiki kiti, hivi vioo, hii rafu, vyote vilitokana na kichwa changu.

Akaziacha taulo zianguke.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

"Marahaba," akajibu, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha akanigeukia. "Kijana huyu ameshika kichwa chako kabla hajashika mlango wa kwetu?"

"Mama..."

"Funga kichwa chako."

"Sifungi."

"Nimesema funga. Na wewe kijana, chukua vikorokoro vyako uende. Mimi nina binti hapa, sina chombo cha majaribio."

Fundi akakiweka chombo mezani. "Mama, nilikuwa nakuja kwako kwa heshima. Kama nimekosea utaratibu..."

"Umekosea."

"Basi naomba radhi. Nitasubiri nje."

"Usitoke," nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Mama, si yeye unayemkasirikia. Toka ameanza kuja hapa unamkimbiza, mara kazi yake haieleweki, mara anachezea vichwa vya wanawake. Unaogopa ataona. Ameshaona."

"Unajua watu watasema nini?" Mama alipunguza sauti kana kwamba watu wenyewe wamesimama dirishani. "Watasema Mama Kaza amemnyonyoa mwanawe. Miaka thelathini ya kazi, jina langu lote, litaishia hapo. Unataka hivyo?"

"Sitaki. Ndiyo maana nimefunga miaka sita. Nimefunga kwa ajili yako, nikikuficha wewe, nikajificha na mimi humo humo. Sikulaumu, mama, najua ulikuwa unatutafutia kula. Lakini siwezi kuingia kwenye ndoa yangu nimefunga siri yako kichwani. Siwezi."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsemesha hivyo. Nilingoja kibao. Mama alisimama tu, anatazama sehemu ile. Safari hii hakugeuza uso. Akaja akasimama nyuma yangu, nikamwona kwenye kioo akikichukua kile chombo mezani, akikigeuza, akiyagusa meno kwa kidole gumba kutafuta ncha inayochoma. Hakuipata.

"Kinatumikaje?"

Fundi akamwonyesha. Mama akabonyeza, na kidole chake hakikukunjika. Akajaribu tena. Vile vidole vilivyosuka mtaa mzima vilikuwa vimekakamaa kwenye viungo, na mimi binti yake, ninayekaa naye meza moja, sikuwa nimejua. Mbona sikuona? Kumbe sio mimi peke yangu niliyekuwa na cha kuficha katika nyumba ile.

"Mikono imechoka," mama akasema kwa aibu.

"Mikono haina kosa, mama," Fundi akasema taratibu. "Kosa ni langu. Nimepima kwa kidole changu. Bonyeza kwa kiganja chote, hivi. Cha nane nitakifanya kinene, nikipime kwenye mkono wako ukiniruhusu."

Mama akabonyeza kwa kiganja. Tone likashuka kwenye ngozi yangu, na baada yake kikaja kiganja chenyewe, kizito, chenye joto, kikatulia juu ya pengo. Hakuwahi kunigusa pale tangu nywele ziliponyonyoka.

"Ulikuwa unalia," akasema. "Nilikuwa nakwambia tulia, kupendeza kunataka uvumilivu. Nawe ulikuwa unatulia."

"Yamepita, mama."

"Kwangu hayajapita." Akayasambaza mafuta kwa kidole chake kilichokakamaa, kidogo kidogo, mpaka ukingoni. Kisha akamtazama Fundi kupitia kioo. "Wazee wako wanakaa mbali?"

"Si mbali, mama."

"Waje Jumapili. Na huyu siku hiyo hatafunga kitu kichwani."

Nikageuka kwenye kiti. "Mama, watauliza."

"Waulize," akasema. "Nitakuwa nimekaa kando yako. Nitawaambia aliyekusuka ni nani."